Shajara ya Mradi: Huduma ya Uzito Uliozidi, Kutoka kwenye Mizani Hadi Rejista

Mawanda — imekamilika

Mradi unajenga huduma moja ya uzito ndani ya kliniki ya kawaida, isiyo na bingwa wa homoni wala mashine ya kupima mafuta ya mwili. Inahudumia watoto tangu kuzaliwa, vijana na watu wazima. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2022 watu wazima bilioni 2.5 walikuwa na uzito uliozidi, na milioni 890 kati yao walikuwa na unene uliokithiri. Kwa wingi huo, kazi hii haiwezi kuachiwa hospitali za rufaa peke yake.

Rejista ya ufuatiliaji imechorwa kabla ya karatasi ya mlo. Karatasi za mlo zimejaa kila mahali, na nyingi hazina ubaya. Kinachokosekana ni mtu wa kuuliza, mwezi wa 8 au wa 20, uzito umefika wapi. Mwili uliopungua hudai chakula zaidi na wakati huohuo hutumia nishati kidogo kuliko mwanzo. Huduma inayofunga faili siku uzito unaposhuka imeishia njiani.

Kona ya vipimo — imekamilika

Mizani imewekwa juu ya sakafu ngumu na tambarare. Zulia au mkeka chini yake hubadilisha namba, na hakuna anayegundua mpaka mtu apimwe kwingine. Kila asubuhi inahakikiwa kwa kitu chenye uzito unaojulikana, na namba inaandikwa kwenye daftari lililotundikwa hapohapo. Mteja anavua viatu, koti na vitu vya mfukoni, anasimama katikati bila kushika ukuta. Uzito unaandikwa hadi gramu 100.

Urefu ndio unaoharibu hesabu zaidi kuliko uzito, kwa sababu unazidishwa kwa wenyewe. Tuchukue mtoto wa kilo 28 mwenye urefu wa sentimita 120: uwiano wake wa uzito na urefu, yaani BMI (kilo zikigawanywa kwa mita za urefu zilizozidishwa kwa zenyewe), ni 19.4. Akilegeza magoti na kusomeka 118, uwiano unakuwa 20.1. Sentimita mbili tu zinatosha kumvusha mstari mtoto ambaye hakupaswa kuvuka, au kumtia mzazi hofu isiyo na sababu. Taratibu zilizobandikwa ukutani:

- Visigino, makalio na mabega viguse ubao. Kichwa kitazame mbele, ukingo wa chini wa jicho ulingane na tundu la sikio.
- Nywele zilizosukwa juu ya utosi zisogezwe pembeni. Isipowezekana, iandikwe kwamba kipimo kina nywele, ili kipimo kijacho kifananishwe kwa haki.
- Pima mara mbili. Tofauti ikizidi nusu sentimita, pima mara ya tatu.
- Mtoto wa chini ya miaka 2 apimwe amelala. Ikibidi apimwe amesimama, ongeza sentimita 0.7 kabla ya kutumia chati ya urefu wa kulala. Mwenye miaka 2 au zaidi akipimwa amelala, ondoa 0.7.

Mzingo wa kiuno unapimwa katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, mtu akiwa ametoa pumzi kawaida. Kosa linalojirudia ni kufuata mkanda wa suruali. Kwa mwenye kitambi, mkanda hukaa chini ya tumbo, na tepu ikipita hapo inasoma pungufu. Tepu ilale sambamba na sakafu pande zote. Anayepima azunguke nyuma kuhakikisha.

Mashine ya presha imeongezewa mikanda mikubwa. Mkanda mwembamba kwenye mkono mnene husoma presha ya juu kuliko ilivyo, na mtu anaweza kuanzishiwa dawa asizozihitaji. Kanuni ni mzingo wa mkono wa juu: sentimita 27 hadi 34 mkanda wa kawaida wa mtu mzima, 35 hadi 44 mkanda mkubwa, zaidi ya hapo mkanda wa paja. Tepu fupi imefungwa kwenye mashine kwa kamba ili isitangetange.

Pazia limewekwa. Namba haitamkwi kwa sauti. Inaandikwa, kisha mteja anaulizwa kama angependa kuijadili.

Kugawa makundi — imekamilika, inahitaji kukumbushwa mara kwa mara

Kwa watu wazima: uwiano wa 25 na kuendelea ni uzito uliozidi, 30 na kuendelea ni unene uliokithiri, unaogawanywa tena katika 35 na 40. Kwa watu wenye asili ya Asia hatari huanza mapema, kwa hiyo kadi yao ina alama kwenye 23 na 27.5. Kiuno kinaongezwa hapo kwa kipimo rahisi: kisifike nusu ya urefu wa mtu. Mwenye sentimita 160 na kiuno cha 88 ana kiuno cha 0.55 ya urefu wake, hatari iliyoongezeka; kuanzia 0.6 hatari ni kubwa. Mtu mwenye misuli mingi anaweza kupita 25 bila mafuta ya ziada, na mzee aliyepoteza misuli anaweza kubaki chini ya 25 huku tumbo limejaa mafuta. Kiuno ndicho kinachowatofautisha.

Kwa watoto namba za watu wazima hazitumiki kabisa. Chini ya miaka 5 tunaangalia uzito kwa urefu kwenye chati za Shirika la Afya Duniani za 2006: zaidi ya mstari wa +2 (mikengeuko sanifu miwili juu ya mstari wa kati wa chati) ni uzito uliozidi, zaidi ya +3 ni unene uliokithiri. Miaka 5 hadi 19 tunatumia chati za 2007 za uwiano kwa umri, na mistari inashuka: zaidi ya +1 ni uzito uliozidi, zaidi ya +2 ni unene uliokithiri. Mabadiliko hayo ya mistari kwenye siku ya kuzaliwa ya tano yanachanganya hata wazoefu, ndiyo maana chati hizo mbili zimechapwa kwenye karatasi za rangi tofauti.

Mfano uliobandikwa mezani ni wa mvulana wa miaka 8, sentimita 130, kilo 36. Uwiano wake ni 21.3. Kwenye jedwali la watu wazima angeambiwa yuko sawasawa, aende nyumbani. Kwenye chati ya umri wake mstari wa +2 uko 19.7, kwa hiyo tayari ana unene uliokithiri.

Uwiano wa mtoto hupanda mwaka wa kwanza, hushuka taratibu, kisha huanza kupanda tena karibu na miaka 5 au 6. Mtoto anayeanza kupanda mapema, akiwa na 3 au 4, anawekwa kwenye orodha ya kufuatiliwa hata kama hajavuka mstari. Hapa ndipo kinga inapofanya kazi kwa urahisi zaidi, na ndipo kliniki nyingi huwa zimeshaacha kupima baada ya chanjo kuisha.

Uchunguzi kabla ya ushauri — umekamilika

Fomu ya kwanza ina swali la dawa. Prednisoloni, olanzapini, klozapini, valproeti, amitriptilini, mitazapini, insulini, dawa za kisukari za kundi la glibenklamidi na sindano ya uzazi wa mpango ya medroksiprojesteroni zote zinaweza kuongeza uzito. Hakuna anayeambiwa aache dawa. Jina linaandikwa, na daktari aliyeagiza dawa hiyo anaulizwa kama kuna mbadala. Kumpa mtu karatasi ya mlo wakati dawa inamsukuma upande mwingine ni kumpotezea muda.

Kwa mtoto, kipimo cha haraka kuliko vyote ni kimo. Mtoto anayenenepa kwa kula zaidi kuliko anavyotumia kwa kawaida ni mrefu kwa umri wake. Anayenenepa huku urefu umesimama apewe rufaa: tezi ya thairoidi au homoni ya kotisoli inaweza kuwa chanzo. Mtoto aliyeanza kunenepa sana kabla ya miaka 5, mwenye njaa isiyotulia, naye apewe rufaa kwa uchunguzi wa vinasaba.

Shingo inaangaliwa kwa nyuma. Ngozi nyeusi, nene, inayoteleza kama mahameli ni dalili kwamba insulini haifanyi kazi vizuri. Wazazi wengi huwa wameisugua kwa sabuni na brashi wakidhani ni uchafu, na mtoto amekwisha kugombezwa. Waelezwe waziwazi kwamba haitoki kwa kusugua.

Kukoroma kwa sauti, kukatika pumzi usingizini na kusinzia mchana vinaulizwa kwa mtu wa kulala chumba kimoja na mteja, maana mwenyewe hajui. Vipimo vya damu kwa mtu mzima mwenye unene uliokithiri, na mtoto kuanzia miaka 10: sukari ya kufunga au HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari ya miezi 2 hadi 3 iliyopita), mafuta ya damu na kimeng'enya cha ini cha ALT. Sukari ya kufunga ya 7.0 mmol/L na kuendelea, au HbA1c ya asilimia 6.5 na kuendelea, ni kisukari. Kwa asiye na dalili kipimo kinarudiwa kabla ya kumthibitisha.

Mlango wa watoto — unaendelea

Lengo la mtoto anayekua kwa kawaida ni kusimamisha uzito, urefu uukute. Turudi kwa yule wa miaka 8. Akibaki kilo 36 na kurefuka sentimita 6 kwa mwaka, uwiano unashuka hadi 19.5. Kwa miaka 9 mstari wa +2 uko 20.5, kwa hiyo ametoka kwenye unene uliokithiri bila kupoteza hata gramu moja. Wazazi wakionyeshwa hesabu hii kwenye karatasi, presha ya kumnyima mtoto chakula hupungua. Kupunguza uzito wenyewe kunawekwa kwa vijana waliokwisha kukua au watoto wenye madhara tayari, na hapo chini ya usimamizi.

Mgawanyo wa kazi mezani: mzazi anaamua nini kiliwe, saa ngapi na wapi, mtoto anaamua ale kiasi gani, au asile. Mzazi akivuka upande wa mtoto kwa kumlazimisha amalize sahani, mtoto anajifunza kupuuza shibe. Mtoto akivuka upande wa mzazi kwa kuchagua kila kitu, vinywaji vitamu vinashinda. Chakula kitamu kisiwe zawadi ya kumaliza mboga. Kinafundisha kwamba mboga ni adhabu.

Vinywaji vinashughulikiwa kwanza kwa sababu faida yake ni kubwa na mtoto hashindi njaa. Chupa ya soda ya mililita 330 ina sukari gramu 35 hivi, karibu vijiko 9 vya chai. Juisi halisi nayo inahesabika: chini ya mwaka mmoja isitolewe, miaka 1 hadi 3 isizidi mililita 120 kwa siku, 4 hadi 6 isizidi 180. Soda isiyo na sukari haitumiki kama njia ya kupunguza uzito; tangu 2023 Shirika la Afya Duniani linashauri dhidi ya vitamu mbadala kwa kusudi hilo. Maji ndiyo yanayowekwa mezani.

Usingizi umepewa safu yake kwenye kadi, si kama nyongeza. Miaka 3 hadi 4 saa 10 hadi 13, miaka 6 hadi 12 saa 9 hadi 12, vijana 8 hadi 10. Skrini chini ya miaka 2 hapana. Miaka 2 hadi 4 isizidi saa 1. Mchezo: dakika 180 kwa siku kwa wa miaka 1 hadi 4 zikigawanyika hovyo kadiri anavyotaka, na wastani wa dakika 60 za kutoa jasho kwa siku kwa wa miaka 5 hadi 17. Simu ikilala nje ya chumba cha mtoto, usingizi na skrini hurekebika kwa pamoja.

Kazi ngumu ni saa za kukutana. Ushahidi wa watoto wa miaka 6 na kuendelea unaonyesha matokeo ya maana pale familia inapopata angalau saa 26 za ushauri ndani ya mwaka. Ratiba iliyopitishwa: vikao 16 vya dakika 90 kwa makundi ya familia (saa 24), na vikao 4 vya nusu saa kwa kila familia peke yake (saa 2). Vikao vinawekwa baada ya saa za shule. Kinachovunja ratiba ni kumleta mtoto mmoja tu huku ndugu zake wakibaki na desturi zilezile nyumbani, anajiona ameadhibiwa. Kwa hiyo mwaliko unaandikwa kwa jina la familia, na mpishi wa nyumbani, awe nani, ndiye mtu wa lazima.

Maneno "bonge", "tipwatipwa" na ndugu zake yamepigwa marufuku ndani ya jengo, hata kwa utani. Mtoto anayetaniwa hula kwa kujificha na hukwepa michezo, matokeo yale yale tunayotaka kuyaondoa. Anayeruka milo, kujitapisha au kula kwa siri anahamishiwa kwa mshauri wa afya ya akili kabla ya hatua nyingine.

Mlango wa watu wazima — unaendelea

Lengo la kwanza ni asilimia 5 hadi 10 ya uzito wa kuanzia ndani ya miezi 6. Mwenye kilo 96 na sentimita 165 ana uwiano wa 35.3, asilimia 10 inamshusha hadi kilo 86.4 na 31.7. Bado anaitwa mwenye unene uliokithiri, lakini presha, sukari na mafuta ya ini kwa kawaida huwa yameanza kushuka. Utafiti wa Marekani wa kuzuia kisukari, uliotoa matokeo 2002, uliwapa watu walio hatarini lengo la asilimia 7 na dakika 150 za mazoezi kwa wiki. Kisukari kipya kilipungua kwa asilimia 58, dhidi ya 31 kwa waliopewa metformini, dawa ya kisukari.

Upungufu unaolengwa ni kilokalori 500 hadi 600 kwa siku. Hatuandiki menyu ya siku saba, haifuatwi. Tunatafuta vitu viwili au vitatu vyenye kilokalori nyingi. Chupa mbili za soda ni 280 hivi. Vijiko viwili vya chakula vya mafuta ya kupikia ni 240. Hapo pameshafika 520, na sahani haijaguswa. Mafuta yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe kutoka kwenye chupa: kijiko kimoja cha mililita 15 ni karibu kilokalori 120, na mkono unaomimina huzidisha bila macho kuona. Kisha nusu ya sahani iwe mboga, robo protini, robo wanga.

Mazoezi peke yake hupunguza uzito kidogo. Nusu saa ya kutembea kwa kasi kwa mtu wa kilo 80 inatumia kilokalori 120 hadi 160, kiasi cha chupa moja ya soda. Kazi yake kubwa iko kwenye kulinda misuli, moyo na uzito ulioshuka: dakika 150 hadi 300 kwa wiki, na mazoezi ya nguvu angalau siku 2. Mwenye maumivu ya goti aanze kwa kuinuka kitini, kamba za mvutano au mazoezi ndani ya maji. Kumwambia akimbie ni kumfukuza.

Kukwama kwa uzito kuna ukurasa wake kwenye kijitabu, kwa sababu ndipo wengi huacha. Hesabu ya zamani ya kilokalori 7,700 kwa kilo inaahidi karibu kilo 24 kwa mwaka kwa anayepunguza 500 kila siku. Haitokei, kwa kuwa mwili mdogo unatumia nishati kidogo. Hesabu ya Kevin Hall na wenzake ya 2011 iko karibu zaidi na uhalisia: kila kilokalori 24 kwa siku zilizopunguzwa kwa kudumu huleta upungufu wa kilo 1, nusu yake ndani ya mwaka na karibu yote kufikia miaka 3. Kwa 500 hiyo ni kilo 10 hivi mwaka wa kwanza. Anayejua hili mapema haoni kukwama kama kushindwa kwake.

Tahadhari moja haisubiri: anayetumia insulini au glibenklamidi asipunguze wanga kabla dozi haijapitiwa. Sukari inaweza kushuka kwa hatari siku za mwanzo kabisa. Dawa za presha na za kukojosha nazo zinapitiwa uzito unaposhuka. Kizunguzungu akisimama ni ishara. Kupungua zaidi ya kilo 1.5 kwa wiki kwa mfululizo huongeza mawe kwenye mfuko wa nyongo.

Dawa na upasuaji — mwongozo umeandikwa

Semaglutidi, sindano ya kupunguza hamu ya kula, inaanzwa miligramu 0.25 kwa wiki, halafu 0.5, 1, 1.7 na 2.4, wiki 4 kila ngazi. Kichefuchefu kikizidi, mtu abaki ngazi aliyopo. Haitumiki kwa mjamzito, na inaachwa angalau miezi 2 kabla ya kushika mimba. Haitolewi kwa mwenye historia ya familia ya saratani ya thairoidi aina ya medula. Kwa walioiacha baada ya utafiti mmoja mkubwa, theluthi mbili ya uzito uliopungua ilirudi ndani ya mwaka. Swali la "nitatumia mpaka lini?" lijibiwe kabla ya sindano ya kwanza.

Orlistati, dawa inayozuia sehemu ya mafuta ya chakula yasifyonzwe, ya miligramu 120 inatumika pamoja na mlo wenye mafuta. Mlo usio na mafuta unarukwa dozi. Vitamini A, D, E na K zinywewe wakati wa kulala. Rufaa ya upasuaji wa kupunguza uzito inafikiriwa kuanzia uwiano wa 35, au 30 kwa mwenye kisukari aina ya 2 kisichotulia, na anayepelekwa ajue kwamba virutubisho na vipimo vya damu ni vya maisha.

Rejista ya ufuatiliaji — inatumika

Kila mteja ana safu nne: uzito wa kuanzia, uzito wa chini kabisa aliofikia, uzito wa leo, tarehe ya mawasiliano yajayo. Safu ya pili ndiyo inayofanya kazi. Uzito wa leo ukiuzidi wa chini kabisa kwa kilo 2, simu inapigwa wiki hiyohiyo. Kilo 2 hurekebika kwa kurudia vile vitu viwili au vitatu vya mwanzo. Kilo 8 zinahitaji kuanza upya na aibu juu yake.

Mawasiliano: angalau vikao 14 kwa miezi 6 ya kwanza, kisha kila mwezi hadi mwaka, kisha kila miezi 3 bila mwisho uliopangwa. Asiyekuja hapigiwi simu ya lawama. Maneno yaliyokubaliwa ni "tulikukosa, tukupangie lini?" Wanaopotea zaidi ni walioongezeka, kwa hiyo nafasi tupu kwenye rejista inasomwa kama dalili. Kwa watoto safu ya uzito wa chini kabisa imefutwa. Badala yake unaandikwa umbali kutoka mstari wa +2, maana uzito wa mtoto lazima upande.

Yanayosubiri

Kadi ya wajawazito: viwango vya kuongezeka vimekubaliwa (kilo 11.5 hadi 16 kwa aliyeanza na uwiano wa kawaida, 7 hadi 11.5 kwa uzito uliozidi, 5 hadi 9 kwa unene uliokithiri), lakini chati ya wiki kwa wiki haijachorwa. Bila chati, namba ya jumla inaonekana mwishoni tu, wakati hakuna la kufanya.

Mizani ya sasa inaishia kilo 150. Inayofika 250 imeagizwa, pamoja na viti viwili vipana visivyo na mikono kwa chumba cha kungojea.

Orodha ya watoto waliomaliza chanjo na hawajapimwa tangu hapo inatolewa kwenye daftari la kliniki ya watoto. Wa miaka 3 na 4 wanaitwa kwanza.